Jina Langu Katika Safu ya Mwisho

Ninyi wapangaji wangu wote ni wanafunzi wa chuo hapa Maseno, nami ninawapenda, ingawa mnaniachia bomba likitiririka usiku na mchana. Juzi mmoja wenu, Faith wa chumba cha nne, alinijia na daftari mkononi na uso wa mtu aliyechoka. Anasomea uhusiano wa kimataifa, na mhadhiri wao amewapa insha: nini maana ya uwajibikaji katika utawala wa dunia. Alikuwa amesikia kwamba nilifanya kazi na nchi tatu kwa miaka mingi, akadhani nilikuwa balozi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilikuwa karani, Faith. Niliandika kumbukumbu za mikutano, niliagiza chai, na nilihakikisha vile vibendera vitatu vya mezani vina urefu sawa.

Hilo la vibendera msilichukulie kama mzaha. Siku moja kijiti cha kimoja kilivunjika, nami nikaweka kingine kilichokuwa kifupi kidogo, labda upana wa kidole. Ujumbe wa nchi hiyo ulinyamaza asubuhi nzima. Hawakukataa jambo, hawakukubali jambo. Wakati wa mapumziko dereva wetu alichukua msumeno akavikata vyote vitatu vikawa sawa, na mchana wakazungumza vizuri sana. Hakuna aliyetaja bendera, na mimi sikuandika popote. Leo ndiyo mara ya kwanza naliandika.

Nilimwahidi Faith majibu, lakini nikaona nikimweleza yeye peke yake kesho atakuja wa chumba cha pili. Basi someni nyote. Sina nadharia. Nina habari ya safu moja katika karatasi, na ya mama mmoja wa Asembo Bay aliyenifundisha kazi yangu nikiwa tayari nina mvi.

Ziwa hili ni la nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, mnajua. Samaki wa ngege akizaliwa kwetu anaweza kukaangwa Uganda. Gugu maji likituziba hapa Kisumu, tunaomba upepo ubadilike, na likiondoka hatuulizi limekwenda kwa nani. Kwa hiyo palikuwa na kamati ya wataalamu wa nchi hizo tatu, iliyokutana kwa zamu, leo kwetu, safari ijayo kwa jirani. Kila nchi ilikuwa na karani wake wa kamati. Upande wa Kenya nilikuwa mimi, katika ofisi ya vyumba viwili mjini Kisumu. Dirisha lake lilitazama ziwa, au tuseme lingelitazama kama mlinzi asingeanika nguo pale.

Aliyenifundisha kazi mwanzoni ni Mama Wanjiru, mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu na mumewe aliyekuwa akiuza vitambaa, wakakaa mpaka watoto wao wakawa wanatukana kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, vizuri kuliko wenyeji. Wakati huo tulikuwa tunapiga taipu juu ya stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unapuliza ikauke, unapiga tena, na ukikosea mara tatu mahali pamoja, karatasi inatoboka na Mama Wanjiru anakutazama. Alinifundisha kuandika kumbukumbu siku ileile, kabla akili haijaanza kuzipamba. Alinifundisha nisiandike nani alipiga meza, niandike walichokubaliana baada ya meza kupigwa. Alinifundisha kuhesabu mabano, maana maneno ambayo nchi moja haijayakubali hutiwa ndani ya mabano, na ukiona ukurasa una mabano mengi kuliko maneno, agiza chai mapema.

Lakini kubwa lilikuwa safu ya mwisho. Kumbukumbu zetu zilikuwa na jedwali: jambo, uamuzi, tarehe, kisha safu ya mwisho kulia, mhusika, yaani nani atakayelifanya. Nikiwa mgeni niliandika pale majina ya ofisi. Mama Wanjiru alinirudishia karatasi na kidole chake kikiwa juu ya safu hiyo.

"Ofisi haiugui, Luvai," aliniambia. "Andika mtu anayeweza kuugua. Siku asipokuja, tutajua aliyekosekana ni nani."

Niliitikia ndiyo mama, kama vijana wanavyoitikia, na kwa miaka mingi nilimtii. Alistaafu akarudi kwao. Nikapandishwa cheo nikawa karani mkuu, jambo lisilo na maana sana kwa sababu hapakuwa na karani mwingine chini yangu, ila kichwa kilivimba hata hivyo.

Sasa nije kwenye kosa. Tulikuwa wenyeji wa mkutano hapa Kisumu, na jambo la tisa kwenye ajenda lilikuwa boti za wavuvi zinazopotea. Injini inazima, upepo unasukuma boti, na mtu aliyetoka nyumbani asubuhi anajikuta upande wa nchi nyingine. Wajumbe walikubaliana vizuri kabisa kwamba boti ikipotea, habari ipelekwe ng'ambo upesi, na ikionekana ng'ambo, habari irudishwe upesi. Hakuna bano hata moja. Tukafika safu ya mwisho. Nani atapiga simu?

Hapo ndipo walipokwama. Kila nchi ina watu wa uvuvi, ina polisi, ina watu wa usalama wa majini, na kila mmoja anaona simu hiyo ni ya mwenzake. Tena palikuwa na heshima ya nchi. Ukikubali wewe ndiye wa kupiga simu, unaonekana mtumwa. Ukisema wengine wakupigie wewe, unaonekana unataka ukubwa. Walizunguka hapo saa nzima na nusu.

Nami nilikuwa na shida yangu. Nilikuwa nimeagiza samaki kwenye hoteli za ufuoni, mbuta na ngege, kwa saa saba kamili. Mkutano uliopita, kwa jirani, tulikuwa tumelishwa vizuri mno, na nilikuwa nimeapa kwamba Kisumu haitaaibika kwa samaki. Saa saba ikapita. Mama mpishi akanitumia ujumbe kwamba ameshawatoa kwenye mafuta. Ikafika saa saba unusu. Ninyi mnajua samaki wa kukaanga akipoa anakuwaje. Nikamwinamia mwenyekiti sikioni nikamwambia, tuandike Wote.

Alinitazama kama nimemwokoa kutoka majini. Akatangaza kwamba mhusika ni nchi zote, ofisi zote, kwa pamoja. Wajumbe walipiga makofi. Mmoja alisema huo ndio moyo wa ushirikiano. Tukaenda kula, na samaki walikuwa bado na uvuguvugu, nami nikasifiwa mara mbili siku moja. Sijui kama nimewahi kula samaki kwa furaha namna ile.

Tulifungua pia anwani moja ya barua pepe ya kamati, ambayo makarani watatu wote tungeweza kuifungua. Tulijiona wa kisasa. Kisha nikachapisha uamuzi ule kwa karatasi nzuri, nikazunguka nao fuo kwa fuo, Asembo Bay ikiwemo, nikiwaeleza wavuvi na wachuuzi kwamba sasa mtu wao hawezi kupotea, nchi tatu nzima zinamtafuta. Walinipa soda. Mama mmoja mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, aliomba nakala. Nikampa, nikafurahi kwamba wananchi wanasoma.

Miezi ikapita. Alhamisi moja asubuhi nilikuta mama huyo ameketi kwenye benchi nje ya ofisi yangu, na viatu vyake vina tope la ufuoni. Aliitwa Akinyi. Mumewe, Okoth, alitoka Jumanne na mwenzake mmoja kwenda kutega nyavu, upepo ukachafuka, hawakurudi. Siku mbili zilikuwa zimepita. Mama yake Okoth alikuwa ameketi ufuoni tangu Jumanne jioni, hali, hasemi, na wazee walikuwa wameanza kuzungumza kwa sauti ya chini habari za kutafuta mwili.

Akinyi alikuwa amekwenda kwa watu wa uvuvi, wakamtuma polisi. Polisi wakampokea vizuri, wakamwambia jambo hilo linashughulikiwa na wengi, wakamtuma mjini. Mjini akatumwa ofisi mbili kabla ya yangu. Kila mahali aliambiwa asijali, wote wanatafuta. Nami, Mungu anisamehe, nilifanya kile karani anachojua. Nilivuta karatasi nikaanza kuandika barua: Tafadhali rejelea uamuzi wa jambo la tisa.

Akinyi alinitazama nikiandika. Akafungua fundo la lesso yake, akatoa ile nakala niliyompa, imekunjwa mara nne, akailaza juu ya barua yangu. Hakupaza sauti.

"Mzee, hii karatasi ni wewe ulinipatia," alisema. "Ulituambia watu wa nchi tatu watatafuta. Nimetembea tangu jana. Kila mtu ananiambia wote wanatafuta, na hakuna mwenye nimeona akitafuta. Mimi sitaki wote. Nipatie mtu moja. Yule moja naweza kaa kwa mlango yake mpaka bwanangu apatikane."

Nilitafuta mtu wa kumpa. Nawaambia ukweli, niliketi pale na miaka yangu yote ya kazi, nikapitisha akilini majina ya wakubwa wa nchi tatu, wanaume na wanawake waliokula samaki wangu, na sikuwa na hata mmoja. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani.

Nikaacha barua, nikachukua simu yangu mwenyewe, nikampigia Kato, karani mwenzangu wa Uganda. Tulikuwa tunajuana kwa miaka mingi. Makarani hujuana kuliko wakubwa wao, maana ndio wanaobaki nyuma kukusanya vikombe. Nilimwambia watu wawili, boti ya rangi ya kijani, tangu Jumanne. Kato akaniambia nisubiri, akampigia mtu wake wa kisiwa kimoja upande wao. Baada ya dakika kama kumi simu ililia.

"Wako huku," Kato akasema. "Wanaendelea vizuri, wanakula ndizi. Wameokotwa jana asubuhi. Watu wa kisiwa walituma habari jana hiyohiyo, kwa barua pepe ya kamati. Wewe hukuiona?"

Nilifungua kompyuta. Barua ilikuwepo. Ilikuwa imefika Jumatano kabla ya saa sita, na majina ya wote wawili, na kwamba Okoth ameumia mkono kidogo, na kwamba anaomba mama yake aambiwe. Kato alidhani anwani ile ninaitazama mimi. Mimi nilidhani anwani ile inatazamwa na yeye, au na Bi Mwanaidi, karani wa Tanzania. Mwanaidi naye, nilikuja kujua, alidhani inatazamwa na Kisumu kwa kuwa Kisumu ndiyo iliyoifungua. Sisi watatu tulikuwa na ufunguo wa mlango huo, na barua ilikaa ndani siku nzima huku mama mtu ameketi kwenye mchanga bila kula.

Nilimgeukia Akinyi nikamwambia mume wako yuko hai. Alifunika uso kwa lesso. Kisha akaniuliza tangu lini nilijua. Ningeweza kusema nimejua sasa hivi, na isingekuwa uongo. Nilimwambia habari ilifika hapa jana, kwenye kompyuta hii, na sikuifungua. Kisha akaomba simu yangu, akapiga ufuoni, akasema maneno machache ya Dholuo, na hata mimi niliyekaa kando kidogo nilisikia upande wa pili wa simu wanawake wakipiga vigelegele. Aliponirudishia simu alisema ero kamano, ahsante, nami sikujua pa kuweka macho.

Okoth alirudi Jumamosi pamoja na mwenzake. Nilikwenda Asembo Bay kumpokea, kwa nauli yangu. Mama yake alikuwa amekula tangu Alhamisi, ila alikataa kuondoka ufuoni mpaka amshike. Alimshika mkono ule uliofungwa bandeji, akaanza kumgombeza kwa habari ya injini. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikafuta macho nikisingizia moshi wa samaki.

Mkutano uliofuata ulikuwa kwa jirani. Nilikwenda na karatasi ya Akinyi, alama za kukunjwa zikiwa palepale. Karani hasemi mkutanoni, hiyo ni sheria, lakini lilipofika jambo la mambo yaliyotokana na kumbukumbu zilizopita, niliinua mkono. Niliwaeleza habari ya Okoth kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na samaki, pamoja na barua pepe. Hakuna aliyecheka. Nikasema safu ya mwisho inahitaji mtu.

Wakaanza tena, ofisi hii, wizara ile. Nikaona tunarudi kulekule, na harufu ya chakula cha mchana imeshaingia ukumbini. Nikachukua kalamu, nikakata neno Wote, nikaandika jina langu na namba yangu ya simu. Nikasoma kwa sauti.

Mwenyekiti alisema karani si mjumbe, hawezi kuwa mhusika. Mwanasheria mmoja, kijana mwenye tai nzuri, alisema hati ya mataifa haibebi jina la mtu wala namba ya simu, hajawahi kuona. Nilimjibu kwa heshima kwamba hata mimi sijawahi, lakini mimi ninaweza kuugua. Walinishangaa. Kato alinyoosha mkono, akavuta karatasi, akaandika jina lake chini ya langu. Bi Mwanaidi, mama mpole asiyependa makelele, akauliza kama kalamu ina wino wa kutosha, naye akaandika. Mwishowe mwanasheria akapata njia: majina yatakaa kwenye kiambatisho cha pili, ukurasa wa mwisho, herufi ndogo. Ni sawa. Akinyi anajua kusoma herufi ndogo.

Kuanzia hapo simu zilikuja. Nilipigiwa kanisani, nikapigiwa kwenye harusi ya binti yangu nikiwa nimesimama kupigwa picha. Mara nyingine boti ilikuwa imelala tu ufuo wa jirani, mwenyewe amelewa. Mara mbili haikuwa hivyo, mara mbili hizo tulitafuta na hatukupata mtu, na nilikwenda mwenyewe kuwaambia wenye msiba, kwa sababu jina lililokuwa pale lilikuwa langu. Sijawahi kujuta kwenda. Vinginevyo tulifanya vizuri, sisi makarani watatu, na ninalala usingizi mzuri.

Na Akinyi alikuwa na kazi yake. Kila msimu wa upepo mkali ulipokaribia, alinipigia. Nikipokea anasema, "Nilikuwa naangalia kama uko," anakata. Hata salamu hakuna. Mwanzoni nilikasirika kidogo. Baadaye nilianza kuingoja simu hiyo.

Nilistaafu nikadhani yameisha. Hayakuisha, kwa sababu kubadilisha kiambatisho kulihitaji kikao cha nchi tatu, na kikao kilihitaji fedha, na siku hizi wanakutana kwa skrini, ambapo kila mmoja amezima sauti. Wamefungua na kundi la WhatsApp, watu karibu hamsini. Mtu akituma habari, wanaweka vidole gumba hamsini, hakuna anayeinuka. Kwa hiyo mwaka mzima nilipokea simu za boti nikiwa shambani hapa, jembe limesimama ardhini. Nilimpigia Kato, ambaye naye amestaafu na anafuga kuku. Kuku wake walisikika kila tulipookoa mtu.

Aliyechukua kiti changu ni binti mmoja anaitwa Nekesa. Alinitembelea mara nyingi na maswali mazuri. Nilimfundisha mabano, na vibendera. Safu ya mwisho sikumgusia. Nilitaka kuona kama ataigundua mwenyewe. Mwezi uliopita akaja na kiambatisho kipya, kimeshapitishwa na nchi zote tatu. Pale palipokuwa na jina langu aliandika lake, na namba yake mwenyewe, si ya ofisi. Nilimuuliza kama bosi wake alikubali. Alisema, "Nilimwambia ile ya ofisi huwa haishikwi saa ya lunch."

Wiki iliyofuata Akinyi alinipigia. Siku hizi ni kiongozi wa ufuo wao, na Okoth amezeeka na hadithi ya ndizi, ambazo kila mwaka zinaongezeka.

"Mzee, nimepigia huyo msichana," alisema. "Kwanza asubuhi, halafu saa saba, wakati wa kula. Ameshika zote mbili. Sasa wewe pumzika, Baba."

Nilimshukuru. Sitawaficha, nilifurahi sana na pia niliumia kidogo, kama mtu aliyeambiwa kiti chake kimepata mwenyewe. Hicho ndicho nilicho nacho kwa insha ya Faith, akitaka kukitumia. Atafute jedwali la uamuzi wowote wa mataifa, asome safu ya mwisho, kisha apige simu aone kama kuna atakayepokea.

Mimi siku ile, baada ya Akinyi kukata, nilizima simu kabisa kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule nilipoandika jina langu, nikaiacha juu ya meza, nikaenda kupalilia mahindi. Nilipalilia mistari miwili. Kisha nikarudi ndani nikaiwasha.